Kikombe Moto, Maji Baridi

Jambo la kwanza lililokwenda kombo katika nyumba ile lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu asiye na mazoea ya kupima angelipita bila kuligeukia. Kikombe kilitoka ndani ya maikrowevu kikiunguza vidole, na maji yaliyokuwamo yalikuwa baridi kama yaliyochotwa mtungini.

Mwenye nyumba alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maduka na masoko na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, kuthibitisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo ya sheria, na kuifunga kwa waya na muhuri wa lakiri mizani iliyofaulu. Mtu wa kazi hiyo hasemi "nadhani". Alijua kwamba vipo vyombo vya udongo ambavyo hunywa joto vyenyewe na kukinyima chakula, na kwamba jambo hilo lina kipimo chake: unaweka chombo kitupu kando ya gilasi ya maji, unawasha dakika moja, kisha unagusa. Chombo kikiwa cha moto na maji baridi, hakifai. Kinyume chake, kinafaa. Akafanya hivyo mbele ya mkewe. Kikombe kilitoka baridi, gilasi ya maji ikatoka na mvuke.

"Kikombe hakina hatia," alisema.

"Basi mwenye hatia nani?" mkewe aliuliza huku akifunga vifungo vya sare. Alikuwa mkunga, na zamu haimsubiri mtu. "Maana sote tunatoka, baba. Anayebaki na mtoto ni mama."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo lenyewe. Mtoto wao alikuwa na miezi saba. Zamu ya mkunga ilianza saa nane mchana, mkaguzi alirudi saa kumi, na kwa saa mbili hizo mtoto alikuwa mikononi mwa bibi yake, mama mzazi wa mkaguzi, kipofu kwa mwaka wa tisa sasa. Majirani walinong'ona. Mkaguzi hakuwajibu, kwa kuwa alikuwa amemwona mama yake akibadilisha nepi haraka kuliko mtu mwenye macho, na alikuwa ameridhika na ushahidi huo.

Maikrowevu ilinunuliwa kwa ajili ya bibi, ili asishike moto wa jiko. Mkaguzi alidondosha gundi juu ya kitufe cha nusu dakika, ikakauka na kuwa kinundu anachokipata kwa kidole. Masharti alimfundisha kwa mdomo mpaka akayashika kichwani. Maziwa yenyewe hayaingii humo, maana hupata moto sehemu na sehemu, ukadhani yako sawa kumbe yatamuunguza mtoto koo. Huingia maji ndani ya kikombe, kisha chupa hukalishwa ndani ya maji hayo, ikatikiswa, na tone likajaribiwa juu ya kifundo cha mkono. Kijiko cha bati hakiingii, wala kifuniko cha kubana. Kijiti cha mti kiwemo kikombeni, kwa sababu maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa kimya kabisa, kisha yakamrukia mtu usoni pale yanapoguswa. Na mashine isiwashwe tupu hata kwa sekunde moja.

"Hilo la mwisho nimelielewa," bibi alisema. "Hata mimi ukiniwasha na njaa nitapasuka."

Kwa hiyo kikombe kilipotoka kikiunguza na maji yakiwa baridi, tena siku ya pili, tena ya tatu, wala si kwa mkaguzi bali kwa bibi peke yake saa za mchana, mkaguzi alimwita fundi. Fundi aliichomoa mashine na kusubiri kabla ya kuifungua, akieleza kwamba umeme hubaki ndani hata waya ukiwa nje, na kwamba wengi wameuawa na ujuaji. Alikagua mlango, kingo zake, sahani inayozunguka.

"Mashine hii ni nzima kuliko mimi na mgongo wangu," alisema mwishowe. "Tafuteni mchawi kwingine."

Wiki ile bibi alianza kulalamika juu ya harufu. Chakula alichoachiwa kilitoka kwenye mashine hakinuki kitu. Alikisogeza puani, akakirudisha mezani. "Mwanangu, hiki kimeshaliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kipo, nakigusa kipo. Lakini kimeshaliwa."

Mkaguzi aliandika katika daftari lake kwamba uzee hupunguza hisia ya kunusa. Hata hivyo, Jumamosi ilipofika, alimweka mtoto kwenye mizani yake ya nyumbani, ile aliyoifunga lakiri mwenyewe, kama alivyofanya kila Jumamosi. Juma lililotangulia mtoto alikuwa na kilo saba na gramu mia tano. Sasa alikuwa na saba na mia mbili. Chupa zote zilikuwa zimenyonywa mpaka tone la mwisho. Jumamosi iliyofuata ilikuwa sita na mia tisa.

Mkunga alimpeleka mtoto hospitalini kwake. Damu ilipimwa, choo kilipimwa, kifua kilisikilizwa. Hakuna ugonjwa ulioonekana. Daktari aliuliza, kwa adabu, mtoto anashinda na nani.

"Sitaki kumtilia mama shaka," mkunga alimwambia mumewe usiku huo, karibu kwa pumzi tu. "Lakini ni wewe unayesema kila kitu kipimwe. Basi mpime na yeye."

Jumatatu mkaguzi aliacha kazi mapema, akaingia uani saa tisa kasorobo, akavua viatu, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni uliokuwa wazi nusu. Mchana ulikuwa mweupe na mkimya. Alimwona mama yake akipapasa kikombe, akitia maji, akitia kijiti, akifunga mlango wa mashine na kutafuta kinundu. Kila sharti lilitimizwa. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikalia mara tatu: ti, ti, ti.

"Karibu, mwenzangu," bibi akasema. "Pita ndani. Kaa, usisimame mlangoni kama mdai."

Mkaguzi akaingia. "Mama, unaongea na nani?"

Bibi alishtuka, kisha akacheka cheko dogo lisilo na furaha. "Wewe nawe, unanyatia kama paka. Naongea na mgeni. Anabisha hodi mara tatu, nimwache bila jibu? Hii nyumba ya wanyama?"

"Ni mashine, mama."

"Najua ni mashine, sikuzeeka akili. Nilikuwa natania. Mchana mrefu, mtoto kalala, hakuna wa kusema naye. Ikalia mara tatu, nikasema karibu. Nilitania."

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza."

"Na ya pili?"

Bibi aligeuza uso kuelekea mezani, ambako viti vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa kadiri ya mtu aliyekaa. "Ya pili," alisema taratibu, "nilipokaribisha, nikasikia kiti kinavutwa."

Mkaguzi alikigusa kikombe. Kiliunguza. Alitia kidole majini: baridi, kama ya mtungini. Kisha akakiweka kiganja juu ya kiti kile, naye, ambaye kwa miaka kumi na sita hakuwa amewahi kusaini jambo asilolipima, alikuta mbao za kiti zina joto.

Mtoto akalia chumbani. Bibi alimfikia kwanza, akamwinua, akaweka pua juu ya utosi wake kama alivyofanya kila siku, kwa maana ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kumwona. Akanusa tena, nyuma ya sikio na shingoni.

"Mwanangu, mtoto huyu hanuki. Hanuki maziwa, hanuki mtoto. Hanuki."

Mkaguzi alimshika mtoto. Ngozi ilikuwa ya moto, ya kuunguza, kama ya mwenye homa kali. Aliweka kinywani kipimajoto cha mkewe, kile cha vichanga waliopoa, akasoma, akakikung'uta, akaweka tena, akasoma tena. Nyuzi thelathini na tatu. Mwanawe alikuwa moto nje na baridi ndani.

Jioni ile aliichomoa mashine, akaibeba hadi ofisini kwake, akaifungia katika stoo ya mizani mibovu, akafunga waya mlangoni na kupiga lakiri. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayeamini kwamba kosa hukaa ndani ya kifaa. Kesho yake hawakwenda kazini wala yeye wala mkewe. Walikaa chumbani pamoja na bibi, mtoto katikati yao na blanketi mbili, na saa tisa ilipokaribia walisikia nyumba ikitulia kama watu wanaonyamaza mkubwa anapoingia, bomba likaacha kudondosha, saa ya ukutani ikawa kama inahesabu kwa kunong'ona, halafu kutoka jikoni, kutoka kwenye rafu tupu ambako hapakuwa na kitu ila alama nne za miguu ya mashine katika vumbi, sauti ile ikalia mara tatu, ti, ti, ti, kisha baada ya dakika moja ikalia tena, kwa subira, kama mtu aliyeona viatu mlangoni na anayejua fika kwamba wenyeji wamo ndani. Hakuna aliyejibu. Kiti kilivutwa hata hivyo.

"Mwite mtu," mkunga alisema. "Yeyote. Sijali tena wa kitabu au wa mizizi."

Mganga aliyekuja hakuwa na hirizi shingoni wala chetezo mkononi. Kabla ya uganga alikuwa tarishi wa mahakama, mpeleka hati za wito kwa miaka mingi, na alikuwa na macho ya mtu aliyefungiwa milango mingi usoni. Alizunguka jikoni, akakitazama kiti, akakaa sakafuni mbali nacho.

"Ni jini," alisema. "Wale asili yao moto usio na moshi, na nyinyi mlikuwa mnawasha moto usio na moshi kila siku saa ile ile. Alikuwa anapita tu. Wapitao ni wengi. Swali langu ni moja: aliingiaje?"

"Nilimkaribisha," bibi alisema.

Mganga akashusha pumzi. "Basi mimi siwezi kumtoa."

"Huwezi?" mkaguzi aliuliza kwa ukali. "Kazi yako ni ipi?"

"Kazi yangu ni kutoa wavamizi, bwana mkaguzi. Aliyevunja mlango ninamtoa, hata kama ni mkubwa wa wakubwa. Huyu alibisha, akajibiwa, akaonyeshwa kiti, na anakula alichowekewa mezani. Hata kule mahakamani kwetu, mwalikwa si mvamizi mpaka mwenyeji aliyemwalika aufute mwaliko."

"Basi ninaufuta."

"Si wewe uliyemwalika." Alimgeukia bibi, na sauti yake ikalainika. "Na mgeni wa aina hii, mama, hafukuzwi. Akifukuzwa huondoka na kitu mkononi. Ameshakishika." Hawakuhitaji kuelezwa ni kitu gani; mkunga alimkumbatia mtoto zaidi. "Huagwa kwa heshima. Kisha husindikizwa."

Bibi alikuwa amekwisha kuelewa kabla ya mwanawe kuelewa.

"Kusindikiza ni mpaka wapi?" aliuliza.

"Unajua desturi, mama. Msindikizaji hajirudii mwenyewe. Anayesindikizwa ndiye husema: yatosha, rudi."

"Hapana," mkaguzi alisema. "Mama, hapana. Hili halijathibitika. Tutatafuta hospitali kubwa, tutahama nyumba..."

"Mpime mtoto," bibi alisema.

Hakutaka. Alimpima. Thelathini na moja na nusu.

Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, akajifunga kitambaa kichwani, akaomba apewe mtoto. Alimshika kwa muda mrefu, pua utosini, akitafuta. Kisha akamrudisha kwa mama yake. "Mkwe wangu, nisamehe utani wangu," alisema, na mkunga, ambaye alikuwa amemshuku, akaushika mkono wake akaubana shavuni.

Alisimama mbele ya kiti. "Mwenzangu," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwanamke anayemaliza mazungumzo ya mchana, "umekaa, tumeongea, nami nimefurahi. Lakini nyumba ina mgonjwa na muda umekwenda. Nyanyuka nikusindikize."

Kiti kikarudi nyuma polepole. Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, na vidole vyake vikafumbatwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Fimbo yake aliiacha ukutani. Alivuka kizingiti bila kujikwaa, akashuka ngazi mbili, akatoka uani kwenye jua la alasiri. Mkaguzi alikimbilia mlangoni. Mganga akamshika kwapa kwa nguvu asizomdhania.

"Wasindikizaji wakiwa wawili, deni linakuwa la wawili. Kaa."

Mtoto alipiga chafya. Kisha akalia, kilio kikubwa cha hasira na njaa, na mkunga akainamisha uso juu ya utosi wake akabaki hapo akilia naye. Kipimajoto kilisoma thelathini na tano, kisha thelathini na sita na nusu. Mkaguzi alizisoma namba hizo mara mbili mbili. Ndipo mganga akamwachia, naye akatoka mbio hadi barabarani, na barabara ilikuwa tupu.

Fundi viatu wa kona alikuwa amemwona. Alisema bibi alipita akizungumza na kucheka, akiwa peke yake, mkono mmoja ukiwa mbele kama wa anayeongozwa. Mara mbili alisimama na kugeuka kana kwamba anarudi nyumbani. Mara zote mbili alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa adabu, akasema, "Haya basi, hatua chache tu."

Walimtafuta siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mkaguzi alikaa mbele ya meza ya polisi na fomu ya mtu aliyepotea. Alijaza umri, kimo, mavazi, ulemavu wa macho. Askari wa zamu, kijana mpole, alimwonyesha kwa kalamu mstari uliobaki: mara ya mwisho alionekana akiwa na nani.

"Andika peke yake tu, mzee," askari alisema. "Shahidi wenu si ndivyo alivyosema?"

Mkaguzi aliusoma mstari ule mara mbili. Chini yake palikuwa na tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wa mtoa taarifa. Aliandika, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Na mgeni wake.* Kisha akatia saini.