Mafuta ya Mwanahija

Bimkubwa alipobonyeza bega la Mwanahija, kidole kingine, kutoka ndani ya nyama, kikambonyeza yeye.

Akacheka. Huyu ndiye mkandaji aliyemkanda ng'ombe wa watu pale kijijini Bweni, kafa tangu juzi, ng'ombe akainuka akadai majani! Aogope kidole?

"Mikono kaifunga kifuani hivi tangu lini?" alimuuliza Othmani, mume wa mgonjwa.

"Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, bibi. Tulibomoa nyumba ya shambani tubebe miti. Nikang'oa nguzo siyo. Mama mkwe wangu alikuwa bado ndani, paa likamwangukia, akafa. Mwanahija akajikumbata, akanyamaza. Kajifungua hivyohivyo. Mtoto ana siku arobaini, mamake hajampakata."

"Hee! Wenzio mkwe humwamkia, wewe unamwangushia paa!"

"Kanda, bibi, nakuomba."

Akakanda. Harufu ya udongo mbichi wa ukuta ikajaa chumba. Akalisukuma lile dude lililombonyeza kutoka shingoni hadi kiwikoni, kiwikoni hadi vidoleni, ngozi ikifurukuta kama gunia lenye panya, mifupa ikilia kah, kah, Mwanahija akitetemeka mpaka kitanda kikatembea kutoka ukuta huu hadi ule, jasho jeusi likichuruzika ndani ya bakuli la mafuta ya nazi, na chini ya kitanda mtu asiyeonekana akilia nitoeni, nitoeni, nitoeni, hadi mikono ikafunguka, pwaa!

"Nipeni mwanangu," Mwanahija alinong'ona, akimtazama mtoto mkekani.

"Ngoja. Mtoto hukandwa kwanza, ndipo apakatwe."

Sasa, mafuta ya mwenye jini humwagwa baharini. Hilo hata kuku wa kisiwa hiki cha Mafia wanalijua.

"Bibi," Othmani alisema polepole, "mafuta hayo si ya..."

"Unanifundisha kazi, mbomoa nyumba? Jini limeniona, saa hizi limeshapita Ras Mkumbi, liko baharini linahema!"

Akachovya vidole kwenye bakuli lilelile. Akampaka mtoto kifuani.

Mikono midogo ikajikunja, ikajifunga. Bimkubwa akavuta, Othmani akavuta, wapi! Mtoto akafumbua macho yaliyojaa vumbi, akamkazia Bimkubwa.

"Huamkii?" Sauti ya kikongwe, imekwaruza.

Mwanahija akashika mdomo. "Mama?"

Bimkubwa, aliyezoea kuamkiwa na kisiwa kizima, akapiga magoti. "Shi... shikamoo."

"Marahaba." Kichanga kikamgeukia Mwanahija. "Haya, nipakate, mwanangu. Huyo mumeo asinishike."