Siri ya Mama Haina Mwenyewe Tena

Umewahi kusikia siri yako ikitolewa na sauti yako mwenyewe, nawe umefunga mdomo?

Mimi niliisikia juzi asubuhi kwa fundi cherehani. Nimekaa kwenye kibao, nangoja gauni langu lipunguzwe mikono. Simu yake kaiegemeza kwenye kopo la vifungo, nayo inasema kwa sauti yangu:

"...huyu binti sikumzaa mimi. Mama yake ni mdogo wangu, aliyefariki mtoto akiwa na siku tisa..."

"Fundi, hiyo umeitoa wapi?"

"Mtandaoni, bibi. Nilidhani filamu. Imeandikwa Siri ya Mama."

Jamani... gauni nikaliacha pale pale.

Sauti ile niliirekodi nikampa mkwe wangu aitunze, mkewe aje kuisikia nikishazikwa. Mkewe ndiye huyo binti. Miaka arobaini na moja nimeshindwa kumwambia.

Nikaenda moja kwa moja kwao.

"Mkwe, umenianika?"

"Hapana, mama. Niliiweka kwenye folda ya filamu zangu. Kumbe ile programu ninayopakulia filamu inawagawia watu kila kilichomo."

"Ifute."

"Kwangu nimefuta. Lakini haikai mahali pamoja. Kila anayeichukua, kompyuta yake nayo inawagawia wengine. Huyu anatoa kipande, yule kipande, vinaungana."

"Mkubwa wao nani? Nikampigie magoti."

"Hakuna mkubwa, mama. Wote sawasawa."

Nikakumbuka tulivyokuwa tukiombana moto na majirani. Aliyechukua kaa kwako keshampa wa pili, wa pili kampa wa tatu. Ukimwagia maji jiko lako, umejizimia mwenyewe tu.

Wajukuu zangu mnaosoma, nilikaa pale mikono mapajani kama mgeni aliyenyimwa maji.

"Wanaoigawa sasa hivi wangapi?"

Akafungua orodha.

"Kumi na saba." Kisha akasoma anwani moja mara mbili. "Mama... mmoja yumo humu humu ndani."

"Ni kompyuta yangu."

Binti yangu alikuwa mlangoni, kashika taulo la vyombo.

"Ninayo tangu mwezi wa pili. Mimi pia nilidhani filamu."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Na wewe je?"

Basi nanyi, neno la kumwambia mwanenu msiipe mashine iwasemee. Haijui nani wa kuanza kuambiwa.

Akazima ile kompyuta yake. Wale kumi na sita wakaendelea kugawana.

Akavuta kigoda, akaketi magoti yetu yakigusana.

"Mama, yote nimeshayasikia. Nilitaka uniambie wewe, nikikutazama."