Ndugu Watano Wasiotazamana

Siku ya soko, saa sita mchana, nyuma ya steji ya magari ya Kiamunyi mjini Nakuru, mtu mwenye akili zake havai viatu vyeupe. Maji ya kabeji yanatiririka barabarani, mikokoteni ya viazi haiombi njia, na pikipiki zinapiga honi kama zimelipiwa kufanya hivyo. Kahiga alivaa viatu vyeupe. Juu yake suruali ya kubana, jaketi la ngozi kwenye jua lote hilo, na miwani myeusi ambayo hakuivua hata alipoingia kwenye kivuli cha duka la rimu za magari. Ndiyo maana akagonga goti kwenye jeki.

"Pole," ilisema sauti kutoka chini ya pikapu. "Hiyo jeki iko hapo tangu asubuhi. Wengine wote wameiona."

"Niitie fundi," alisema Kahiga, akijipangusa goti.

Akatokea mwanamke. Ovaroli ya bluu iliyovuliwa nusu, mikono ya nguo imefungwa kiunoni kama mshipi, fulana nyeusi, kitambaa cha manjano kichwani, vipuli vidogo vya dhahabu, na grisi hadi kwenye viwiko. Jina lake Chesang, binti wa mtaa wa Section 58, miaka thelathini na miwili. Duka lilikuwa lake.

"Fundi ndiye huyu. Sema."

Kahiga alichungulia nyuma yake kuona kama kuna mwingine anakuja. Alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, mwenye diploma mbili, na kila diploma ilikuwa imemwongezea urefu wa shingo.

"Natafuta rimu za gari la spoti. Si hizi zenu za teksi."

"Gari gani hilo?"

"Nimeliunda mwenyewe. Chesisi nilichomelea, gamba la faiba lilikuja kwa sanduku kutoka Uingereza. Ni mfano wa gari la mashindano la zamani. Nimelijenga miaka saba."

"Faiba ni plastiki."

"Faiba ni faiba."

"Mama yangu pia ana beseni, anasema si plastiki." Watu wawili waliokuwa wakingoja tairi walicheka. "Eksili ulitoa wapi?"

"Kwa Toyota Mark II iliyoanguka. Mbele na nyuma."

"Sawa. Basi nitakuja nipime habu." Habu ni kile chuma kinachobeba gurudumu, chenye bolti zake.

"Nimeshapima." Kahiga alitoa karatasi iliyopigwa chapa, kana kwamba ni cheti cha ndoa. "Bolti tano. Upana wa duara lake ni milimita mia moja na nane."

Chesang aliisoma, akacheka kwa pua. "Mark II ya mia na nane hiyo ni yako peke yako."

"Dada, mimi nafundisha vipimo. Mwaka wa kumi huu."

"Na wanafunzi wako wako hai?" Alijifuta mikono. "Kitendawili."

"Nini?"

"Ulisoma praimari ama uliruka? Kitendawili."

"Tega," alisema Kahiga, shingo ikipungua kidogo.

"Ndugu watano wamekaa duara, na hakuna hata mmoja anayetazamana na mwenzake."

"Vidole."

"Vidole vimekaa duara? Hebu angalia mkono wako, mwalimu. Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Nairobi."

"Nairobi si yako. Mimi huchukua mji ambao mtu anaweza kunifungulia mlango wake."

Kahiga hakununua kitu siku hiyo. Aliondoka na namba ya simu, akajiambia ni ya biashara. Watu hujidanganya hivyo kila siku na hakuna anayewakamata.

Wiki tatu biashara ilikuwa hivi:

"Niaje, mwenye beseni."

"Niaje, malkia wa grisi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe bado unakula chaki?"

"Ninakula mawazo yako, sweetie."

"Utakonda."

Chesang alimdharau, na kila simu ikikatika alibaki ameishika kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Kahiga naye aliwaambia wenzake chuoni kwamba mwanamke wa soko hamwezi, halafu akaenda kujifungia stoo apige simu.

Jumapili moja baada ya kanisa Chesang alikwenda Kiamunyi, nyumbani kwa Kahiga. Alivaa gauni la kijani lenye mikunjo, viatu vya kisigino, na manukato kidogo, ya kutosha kusema hakuja kufanya kazi. Gari lilikuwa chini ya mabati, juu ya matofali, jekundu, refu mbele na fupi nyuma, halina paa, halina magurudumu. Majirani walikuwa wakiliita bafu. Kuku wao walilala ndani yake mchana.

Kahiga alifukuza kuku, akapangusa kiti cha abiria kwa kitambaa chake cha mfukoni. "Hiki hakuna mtu amewahi kukikalia."

"Isipokuwa kuku."

"Kuku si mtu, Chesang."

Alikaa. Kilikuwa kiti kizuri, mtu hawezi kusema uongo. Nyuzi zake zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, moja moja, na mshono haukupinda popote. Hapo dharau ya Chesang ilipata ufa.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema Kahiga, "wenye magari ya namna hii wanashuka hadi Kariandusi kutazama ziwa. Nitakwenda na wewe, kwenye hicho kiti."

"Na wakikuuliza nani alikuchagulia rimu na kukufungia magurudumu?"

"Nitasema ni wewe."

"Mbele yao?"

"Mbele yao."

Hakuuliza bure. Kulikuwa na mwanaume kabla ya huyu, aliyemweka miaka miwili kama sufuria iliyoungua, wageni wakija inasukumwa chini ya kabati. Chesang alikuwa ameapa kwamba anayemtaka atamtaja kwa jina na kazi yake mbele ya watu, ama amwache.

Alishuka, akachuchumaa na gauni lake zuri, akatoa kipimo kwenye mkoba. Kahiga akamshika mkono.

"Leo si siku ya kazi, mrembo. Na nimeshapima."

Chesang, kwa akili zake zote, akakirudisha kipimo mkobani kwa sababu mkono ulioshikwa ulikuwa umepata joto. Hapo na yeye anastahili kuchekwa.

Alhamisi ya wiki ya safari, saa kumi, ujumbe wa sauti wa Kahiga uliingia kwenye simu ya Chesang. Aliusikiliza akiwa amesimama katikati ya spana.

"Gathogo, rimu nimeagiza Nairobi, zile za mia na nane, zinafika kesho. Hapana, si kwa yule dem wa panchari. Huyo ni wa kunichekesha tu. Nitasimamaje na watu wa maana niseme gari langu lilivalishwa viatu na mziba panchari wa sokoni?"

Gathogo alikuwa rafiki wa Kahiga, mmoja wa hao watu wa maana. Jina lake na la Chesang yalikuwa yamefuatana kwenye orodha ya jumbe za simu yake Kahiga, na kidole cha mwalimu wa vipimo kilikosea kwa nusu sentimita.

Kahiga alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Sweetie, hebu nikueleze."

"Hapa ni kwa panchari. Una panchari?"

"Chesang, ile haikuwa yako."

"Ndiyo maana ilikuwa ya kweli." Akakata.

Ijumaa rimu zilifika, nyeusi, zinang'aa, zimefungwa kwa plastiki kama mikate. Gathogo alikuja na koti la suti kuona zikifungwa. Bolti moja iliingia. Ya pili ikaingia kwa kulazimishwa. Ya tatu ikagoma kabisa, ikabaki inatazama chuma kitupu.

"Panua matundu na drili," alisema Gathogo. "Zikishafungwa nani ataona?"

"Zitalegea."

"Ni hadi Kariandusi na kurudi. Kwani unahamia huko?"

Kahiga alitazama kiti cha abiria. Kwa majivuno yake yote, alijua gurudumu la namna hiyo likiachana na gari kwenye mteremko, anayerushwa nje ni nani. Alimwambia Gathogo aende nyumbani.

Kisha akageuza ndoo, akakaa mbele ya habu na rula yake. Alipima alivyopima siku zote, katikati ya bolti hadi katikati ya ile iliyo ng'ambo. Mia na nane na pointi. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi ya kufundisha wengine, akaangalia anachofanya. Aliipitisha rula katikati kabisa ya habu. Ilipotokea upande wa pili haikukuta bolti. Ilikuta nafasi tupu kati ya bolti mbili. Akajaribu ya pili, ya tatu, zote tano. Hakuna hata moja iliyokuwa na mwenzake mbele yake.

Alijiita jina ambalo halifai kuandikwa.

Jumamosi asubuhi, wenzake wakipasha injini moto, Kahiga alipita katikati ya soko amekumbatia habu yenye grisi kama mtoto mgonjwa. Hakuvaa miwani. Viatu vyeupe vilikuwa vimekula matope ya kabeji hadi kwenye kamba. Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Natafuta fundi," alisema.

"Wa panchari?" Chesang hakuinua kichwa.

"Fundi. Yule aliyeniambia nimepima vibaya, nami nikamtukana."

"Ulimtukana wapi?"

"Kwa simu."

"Basi mwombe msamaha kwa simu. Hapa tunafanya kazi."

Kahiga aliweka habu chini, akatoa simu kwa mkono mchafu, akarekodi ujumbe wa sauti kwa kikundi cha wenye magari, mbele ya wateja wote: "Wenye magari, siji. Nilipima bolti tano kama vile ni nne. Chesang wa duka la rimu, nyuma ya steji ya Kiamunyi, aliniambia mapema nikamdharau. Fundi wangu ni yeye. Nilisema ni wa kunichekesha. Sasa nichekeni mimi." Alisoma jina la kikundi mara mbili kabla ya kutuma.

"Umejifunza kusoma," alisema Chesang. "Kile kitendawili?"

"Matundu ya rimu. Matano, na hakuna anayetazamana na mwenzake."

"Ilikuchukua mwezi." Akachuchumaa kwenye habu. "Katikati ya bolti hii, hadi ukingo wa nje wa ile ya mbali. Umeona? Mia na kumi na nne. Hata kuku wanaolala garini mwako wangejua."

Akavuta kutoka kwenye rundo rimu nne za rangi ya fedha, zenye matairi na mikwaruzo.

"Hizo ni za teksi," alisema Kahiga.

"Ndiyo. Zimebeba watu wa maana kuliko Gathogo."

Kahiga alibeba mbili za kwanza mwenyewe.

Alasiri, huko Kiamunyi, Chesang aliegemeza ubao kwenye madigadi kuona gurudumu halitokezi nje wala haligusi ndani. Likakaa pungufu kwa upana wa kidole, sawasawa. Akakaza nati mwenyewe, kwa kuruka moja moja. Gari likashuka kwenye matofali, na majirani walioliita bafu wakaja kuchukua kuku wao.

Walifika Kariandusi saa kumi na moja. Wenye magari walikuwa wameshaondoka, wameacha magunzi ya mahindi. Ziwa Elmenteita lilikuwa chini yao, na vumbi la ule udongo mweupe unaochimbwa pale lilikuwa limevirudishia viatu vya Kahiga rangi yake.

"Kitendawili," alisema, mikono bado kwenye usukani.

"Tega, mwalimu."

"Kilikaa tupu miaka saba. Sasa kikikaa tupu hata siku moja, gari haliendi."

Kilikuwa kitendawili kibovu, mtoto wa nasari angekitegua bila kuacha kunyonya kidole. Chesang alitazama ziwa. Akapapasa mshono wa kiti.

"Nimeshindwa."

"Umeshindwa?"

"Nimesema nimeshindwa. Utaomba mji ama unangoja nibadilishe nia?"

"Nipe Section 58."

"Huo si mji, ni mtaa."

"Una mlango."

"Una mlango wa bluu. Nyuma yake kuna mama yangu, na wajomba wawili wasiopenda jaketi za ngozi." Akafunga mkanda. "Haya, nimekupa. Jumamosi ya pili, na uje na wazee wako. Lakini hili gari uliache Kiamunyi. Mama akiliona ataloweka nguo."