Bi Ġuża Hajawahi Kuchelewa

"Pweza."

Pantelis Vourlas aliweka kikombe cha kahawa mezani. Sauti ilitoka ndani ya sikio lake la kushoto, kwenye kile kifaa ambacho abiria wote wa meli ya Kallisti waliamini ni cha kumsaidia kiziwi.

"Nasikia."

"Leo ndiyo leo. Kesho mkifika Messina mzigo unashuka. Ukishashuka, tumeula wa chuya."

"Hati ya mahakama?"

"Hakuna. Meli inapeperusha bendera ya kisiwa ambacho hata hakimu wake hapokei simu. Ukivunja sefu ya abiria, wakili atatutafuna mchana kweupe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yule mama mwenye sefu asirudi melini. Meli ing'oe nanga bila yeye. Mengine yatajipanga yenyewe."

Sauti ikakatika.

Mengine yatajipanga! Mkuu wake, Mzee Vrettos, alikuwa amekaa kwenye kiyoyozi kule Piraeus, na kwa mtu wa kiyoyozi kila jambo hujipanga lenyewe.

Hata hivyo Pantelis alielewa. Abiria anayeshuka na ziara ya meli husubiriwa, hata basi lao lipasuke magurudumu yote. Anayezurura bandarini peke yake hasubiriwi. Saa ikifika ngazi hupandishwa, maafisa wawili huingia chumbani kwake, hufungua sefu kwa ufunguo mkuu, huchukua pasipoti yake na kumwachia wakala wa bandari gatini. Huo ni utaratibu wa meli. Si upekuzi wa polisi. Watakachokiona humo wamekiona, na hakuna wakili wa kuwatoa macho.

Humo mlikuwa na kidude cheusi, ukubwa wake hauzidi kipande cha sabuni.

Ukikiwasha, rada ya bandari nzima inapofuka.

Cha kwanza kiliwashwa majira ya baridi, siku ya ukungu. Genge lenye vidude hivyo likapitisha silaha zake bila kuonekana. Kivuko kilichokuwa kikitoka kisiwani hakikuonekana pia, kikagongwa ubavuni na meli ya mafuta. Wakafa watu kumi na tisa. Cha pili kilikuwa kinasafiri kwenda Messina, ambako vivuko hupishana tangu alfajiri.

Na mwenye sefu alikuwa anakuja mezani kwake sasa hivi, akichechemea, na sahani ya tikiti maji mkononi.

"Umekunywa kahawa bila mimi? Nani alikulea wewe?"

"Nilidhani bado umelala, Bi Ġuża."

"Nilale, na Malta ile pale dirishani? Mimi hapa ni kwetu, bwana!"

Alikuwa na miaka sabini na kitu, mjane wa fundi seremala, kofia ya majani makavu kichwani na saa ya plastiki ya Casio mkononi. Alizunguka na meli za watalii mwaka mzima. Mabaharia walimbusu mashavuni. Walinzi wa ngazi walimbebea mkoba. Nani angemshuku?

Pantelis alikuwa amemfuata tangu bandari ya Nafplio, Ugiriki. Wao wawili tu ndio waliokataa mabasi ya ziara, kwa hiyo haikuwa ajabu wakakutana uchochoroni, tena na tena, mpaka bibi akamkamata mkono. "Wewe na mimi tunafanana," akamwambia. "Tembea na mimi basi, tuache kunyatiana kama paka." Kule Chania walikula samaki pamoja. Bibi akaaga dakika chache kwenda kumsalimu rafiki, na kitufe cha shati la Pantelis kikapiga picha kumi na nne za huyo rafiki, mtu wa genge.

Kazi nzuri. Safi.

Lakini mambo mengine hayaandikwi kwenye ripoti. Tangu mkewe aondoke, miaka tisa sasa, Pantelis alikuwa akila kwenye meza ya mtu mmoja. Wahudumu walikuja, wakaondoa kiti cha pili, wakaondoa na sahani ya pili. Alishazoea. Halafu akatokea bibi huyu, akawa anamchomolea mifupa ya samaki na kumkemea kwa kuvaa soksi na makubazi. Na yeye, jasusi mzima, akawa anaamka asubuhi akiwa na hamu ya kukemewa.

Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga. Pantelis alikuwa amekula naye akijua hilo tangu tonge la kwanza.

"Leo hakuna makumbusho," alisema Bi Ġuża. "Leo unakuja kijijini kwetu, Ħal Berqa. Mtakatifu Katarina anatoka kanisani, sanamu yake inabebwa kijiji kizima. Sijamwona akitoka tangu nizike mume wangu."

"Ngazi inapandishwa saa kumi na mbili."

"Nani kakuuliza saa? Mtakatifu anatoka saa kumi. Kumi na moja tuko kwenye teksi. Mimi sijawahi kuchelewa meli hata siku moja, mwanangu. Miaka kumi na miwili!"

Walishuka ngazi. Mashine ya mlangoni ikasoma kadi zao.

Ting.

Ting.

*

Ħal Berqa ilikuwa imefungwa. Magari hayakupita. Bendera zilining'inia juu ya kila kichochoro, karatasi za rangi zilifika vifundoni, na fataki za mchana zilipasuka hewani mpaka madirisha yakatetemeka. Teksi iliwaacha mwisho wa mashamba, nayo ikakubali kuwasubiri hapo.

"Angalizo dogo," alisema Bi Ġuża. "Kijiji chetu kina bendi mbili. Moja ni ya watu. Ya pili ni ya wale kule."

"Nakusikia, Ġuża!" Mama mmoja mnene alisimama mlangoni pa klabu ya bendi ya pili, amejifunga kitambaa cha buluu. "Umerudi na mume mpya? Huyu hata wima hasimami!"

"Ċensa! Bado uko hai? Nilisikia tarumbeta zenu zimewaua wote."

"Tarumbeta zetu ndizo zitakazompokea Mtakatifu mwaka huu."

"Ndotoni!"

Walicheka, wakakumbatiana, wakasukumana. Kisha Ċensa akaitwa na binti zake, wajukuu wakamzingira, akamezwa na watu wake. Bi Ġuża alibaki amesimama, mikono bado imetanuka kidogo. Pantelis aliona. Akatazama pembeni.

Wakakaa kwenye viti vya klabu ya bendi ya kina Bi Ġuża. Bibi akaagiza soda ya machungwa machungu na imqaret, vile vitumbua vya tende vinavyokaangwa siku za sherehe. Akainuka kwenda kuangalia picha za zamani ukutani.

Glasi yake ilibaki mezani.

"Pweza. Hali?"

"Tupo kijijini."

"Kalamu unayo?"

Kalamu ya Parker ilikuwa mfukoni. Upande mmoja wino, upande wa pili matone matano ya usingizi. Bibi angelala kitini kwa muda wa saa tatu, na mtu yeyote angesema ni jua.

"Ninayo."

"Itumie."

Pantelis aliifungua chini ya meza. Alikuwa amewahi kufanya hivyo Izmir, Bari na Alexandria. Bibi alikuwa ukutani, anamwonyesha kwa kidole picha iliyofifia.

"Pantelis! Njoo umwone baba yangu. Alikuwa mbebaji. Watu wanane hubeba Mtakatifu, na baba alikuwa mbele, kulia. Angalia bega hilo. Bega la punda!"

Akaifunga kalamu.

"Pweza. Umempa?"

Aliitia kalamu mfukoni. Alikwenda kulitazama bega.

*

Saa kumi ikafika. Mlango wa kanisa ukabaki umefungwa.

Kumi na nusu. Bado.

Habari ikapita kwenye umati: bendi mbili zilikuwa zinagombana katika sakristia, chumba cha mavazi ya padri, nani apige kwanza Mtakatifu akitokeza. Padri alikuwa katikati, amepandwa na hasira, na wapiga ngoma hawataki hata kuangaliana. Watu hawakushangaa. Ugomvi huo ulikuwepo babu zao wakiwa watoto.

Bi Ġuża aliangalia Casio yake. Akaangalia mlango. Akaangalia Casio tena.

Kumi na moja ikagonga.

Akashusha pumzi.

"Basi," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikuandikiwa. Twende, mwanangu."

Akageuka. Akaanza kutembea kuelekea mashambani, kwenye teksi, mgongo umenyooka. Hakuwa mtu wa kuchelewa.

Pantelis alimfuata. Kalamu ilikuwa na matone yote, na glasi ilikuwa mbali. Angeweza kumtega mguu. Angeweza kujifanya amezimia. Kumi na tisa, alijikumbusha. Wengine walikuwa wanakwenda harusini.

Hatua chache kabla ya kona, nyuma yao, mlango ukafunguka.

Kijiji kizima kikapiga yowe.

Bi Ġuża akasimama.

Bendi zote mbili zilianza kupiga kwa pamoja, kila moja wimbo wake, hakuna iliyokubali kunyamaza. Kengele zikalia. Kivuli kikubwa kikatokeza mlangoni, polepole, kikiyumba mabegani mwa watu.

Simu ya bibi ikaita mkobani.

Akaitoa, akaitazama. Pantelis aliona jina halikuandikwa, namba tu. Iliita na kuita. Bibi alimtazama Mtakatifu, akaitazama simu, kisha akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka kioo kikawa cheusi.

"Dakika tano," alisema. "Tano tu."

Ni mtu wa Ħal Berqa peke yake anayeweza kukosea hivyo. Mgeni yeyote angekimbia.

Dakika tano zikazaa kumi, kumi zikazaa arobaini. Wabebaji walishuka ngazi za kanisa hatua kwa hatua, na kwa kila hatua watu walishangilia upya. Bi Ġuża alikuwa amemshika Pantelis mkono kwa nguvu, analia bila kujificha, anamwita baba yake kwa jina. Pantelis hakuwa na dini ya kueleweka. Lakini kwa muda huo alikuwa na furaha ya kweli kusimama mahali na mtu.

Sikioni, sauti ndogo: "Pweza. Yuko wapi?"

"Amesimama."

"Umemshikaje?"

"Sikumshika mimi."

*

Teksi ilipokata kona ya mwisho ya bandari, Kallisti ilikuwa imeshaachia kamba. Ilipiga honi na kuanza kuiacha Valletta nyuma, nyeupe, taratibu, watu wakipunga mikono kwenye staha.

Bi Ġuża alishuka, akaitazama. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka kumi na miwili! Leo nimeachwa kama mtalii wa mara ya kwanza. Wewe Mgiriki una mkosi."

Mwanamume mfupi wa koti la njano aliwajia na bahasha mbili. Alikuwa Salvu Cutajar, wakala wa bandari.

"Poleni, mama, poleni, bwana. Msijali, mambo haya hutokea. Pasipoti zenu hizi hapa. Maafisa wamezitoa kwenye sefu zenu."

Kicheko kikakatika.

Sikioni: "Kipo, Pweza. Nahodha mwenyewe ameshuhudia. Wavulana wako njiani."

Bibi aliishika bahasha bila kuifungua.

"Wamefungua sefu?"

"Ndiyo," alisema Pantelis.

"Kumbe ndivyo wanavyofanya."

"Kwa waliochelewa."

"Ningejuaje? Sijawahi kuchelewa."

Akakaa kwenye nguzo ya kufungia kamba. Alionekana mdogo. Pantelis alitaka kukaa pia, lakini hakukaa.

"Nilijua wewe ni askari," alisema bibi. "Tangu Chania. Ulijiita mwalimu wa muziki; mwalimu wa muziki gani hapigi hata mluzi? Nikasema moyoni, ajue, sefu yangu hawezi kuigusa."

"Na bado ukanipeleka kwenu."

"Ulimwona Ċensa? Pale kila mtu ana mtu wake. Nilitaka na mimi niwe na wa kusimama naye. Hata askari."

Magari mawili yasiyo na namba yaliingia gatini. Milango ikafunguka.

"Walikufa watu kumi na tisa, Bi Ġuża."

"Waliniambia ni vitu vya magendo ya sigara."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Aliifuta pua kwa kiganja. "Walikuwa wananipigia simu kila Jumapili. Goti linaendeleaje, Bi Ġuża? Umekula, Bi Ġuża? Hakuna mwingine duniani aliyeniuliza. Ukianza maswali, simu hazilii tena. Leo ni Jumapili. Leo walipiga, nikawazima, kwa sababu ulikuwepo wewe."

Pantelis aliitazama meli ikiyoyoma. Siku za mwizi ni arobaini, na huwa tunasema hivyo tukifurahi. Yeye hakuifurahia hata moja.

Maafisa wawili walimsaidia bibi kuinuka. Alikataa mkono wa afisa wa kwanza, akaukubali wa pili kwa ajili ya goti. Mlangoni mwa gari aligeuka.

"Zivue hizo soksi, Pantelis. Watu wanaona."

Mlango ukafungwa.

Yeye akaanza kutembea kando ya maji, bila begi, pasipoti yenye jina la uongo mfukoni, mikono nyuma.

"Kazi safi, Pweza. Ndege yako ni kesho. Messina salama. Una lolote?"

"Gereza la wanawake la huku. Wanaruhusu simu Jumapili?"

Kiyoyozi cha Piraeus kilisikika kikinguruma.

"Hilo si suala la kikazi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Akaendelea kutembea, akisubiri jibu.