Zabibu za Keki na Bakuli la Maziwa

Ndugu zangu, nyumba ya fundi keki ilikuwa na amani. Asubuhi ile oveni ilikuwa inashika moto kwa keki ya harusi ya wateja, wifi yake anapaka siagi kwenye trei, na mbwa wao Kachero amejilaza mlangoni. Mama mkwe wa fundi alikuwa haoni, na Kachero ndiye aliyekuwa akimwongoza kwenda chooni na kurudi.

Fundi aligeuka kuchukua mayai. Aliporudi, bakuli la zabibu kavu alizoloweka lilikuwa chini, tupu, limelambwa.

"Mbwa wenu anapenda vya harusini," wifi alicheka. "Mpe maziwa, hukata sumu."

"Wifi, daktari wa mifugo aliwahi kusema zabibu huharibu figo za mbwa, zinamuua. Nimpigie?"

"Na keki ya watu? Mtazame, ana nini?"

Kachero alikunywa maziwa, akatikisa mkia. Fundi akarudi kwenye unga wake, moyo umetulia. Lakini, msomaji, figo hazina mkia wa kutikisa.

Usiku mbwa alitapika. Fundi akapiga deki kimyakimya.

Kulipokucha mama mkwe aliita, "Kachero, twende, baba." Hakuja.

"Amechoka tu, mama," fundi alisema.

Bibi alipapasa mpaka akaipata pua yake. "Huyu hajachoka, mwanangu. Huyu anaondoka. Mmempa nini?"

"Hatujampa kitu."

Hata walipomfikisha kwa daktari wa mifugo, aibu ilimfunga fundi mdomo. "Labda amekula panya aliyekufa kwa sumu," alisema. Daktari akahangaika na sumu ya panya, muda unakwenda.

"Dada, nisaidie nimsaidie," daktari alisema. "Amekula nini?"

"Zabibu," fundi alinong'ona. "Jana asubuhi."

Daktari alimtazama. "Jana ningemtapisha. Leo figo zimegoma."

Walijaribu maji ya mshipani. Kachero hakuamka.

Siku hizi bibi huongozwa kwa mkono. Wa wifi anaupokea. Wa fundi, aliyemficha ukweli, anausukuma, anashika ukuta.

MAFUNZO

Mbwa akila zabibu, chokoleti, vitunguu au kitu unachokitilia shaka, ondoa kilichobaki, umpigie daktari wa mifugo hapo hapo, hata kama bado anacheza. Usimpe maziwa, mafuta wala chumvi, wala usimtapishe bila kuambiwa. Sema alichokula, kiasi gani na tangu lini, hata kama kosa ni lako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wakati mwingine kifo chenyewe si chake.