Gongo la Sorcha

Mimi Colman Hehir siogopi kitu. Muulize yeyote hapa Kilvarna. Dume la ng'ombe la padri lilipotoroka, nani alilikamata pembe? Basi nikisema jioni ile nilikimbia, ujue halikuwa jambo dogo.

Nilikuwa nimewashusha watalii hotelini. Kutwa nzima niliwazungusha kwa basi langu dogo, vilima, ziwa, kasri, na uongo wangu wa kila siku kuhusu kasri lenyewe. Sasa nilikuwa na shughuli yangu. Binti yangu Sorcha alikuwa amevunja gongo lake la hurling, mchezo wetu wa kupiga mpira kwa magongo, na Jumapili ilikuwa fainali. Fundi wa magongo, Dinny Considine, hakuwa na hata kipande cha mti. Ugonjwa umeikausha miti ya magongo nchi nzima. Umebaki mmoja tu wenye majani mabichi, ndani ya tuta la duara nyuma ya kasri.

Kwa Watu Wema, wale wasioonekana wanaoishi chini ya tuta. Tunawaita hivyo wasije wakakasirika.

"Ukikata pale, mimi sichongi," Dinny aliniambia. "Utachonga kwa meno yako."

"Meno ninayo, Dinny. Wewe je?"

"Cheka tu. Ukipotea humo, geuza koti lako, la ndani liwe nje. Hilo nakupa bure."

Nikaenda. Jua lilikuwa linazama, kunguru wanarudi kwenye mnara wa kasri. Nikachimba hadi pale shina linapopinda kuingia ardhini, maana gongo zuri hutoka hapo. Nikapiga msumeno. Mti ukaanguka bila kishindo.

Bila kishindo kabisa...

Kisha nikasikia.

Kwaa!

Gongo likipiga mpira wa ngozi. Halafu miguu mingi, inakimbia. Ukungu ukashuka, na harufu ya majani yaliyokanyagwa ikanijaa puani. Nikabeba kigogo changu, nikaelekea kwenye mwanya wa tuta nilioingilia.

Haukuwepo.

Nikalifuata tuta kwa mkono. Nikazunguka. Nikajikuta palepale, kwenye kisiki.

"Tumepungua mmoja," sauti ikanong'ona nyuma yangu.

Alikuwa kijana mrefu, peku, nywele zinachuruzika maji. Na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Hatuwezi kucheza bila mmoja aliye hai," akasema. "Mwenye gongo hilo."

"Ni langu," nikajibu haraka. "Mimi ndiye golikipa bora aliyewahi kuzaliwa pande hizi. Nichukue mimi."

Akaniangalia tumbo. Gizani huko, watu nisiowaona wakacheka.

"Wewe, mzee? Na hilo pipa?" Akainama karibu. Pumzi yake ilikuwa baridi. "Gongo ni la Sorcha."

Jina la mwanangu. Mdomoni mwake.

Nikatupa kigogo. Nikavua koti, nikaligeuza, kwa haraka hata nikakosa tundu la mkono. Nilipolivaa tu, mwanya ukawa mbele yangu, na taa za Kilvarna kule chini. Nilikimbia, ndiyo. Hata lile dume lisingenifikia.

Asubuhi nikamkuta Sorcha uani, anadundisha mpira kwa gongo jipya, jeupe, limechongwa vizuri ajabu.

"Baba, umeweza! Lilikuwa limeegemea mlango."

Nikampigia Dinny.

"Mimi?" akasema. "Nimelala tangu jana saa moja jioni, mgongo unaniuma." Kisha akaongeza: "Colman... lichome."

Nilijaribu. Lilikaa motoni usiku mzima, likatoka jeupe vilevile, na harufu yake ya majani mabichi. Nikamkataza asilishike. Umewahi kumkataza msichana wa miaka kumi na saba, siku ya fainali?

Walishinda. Watu wanasema hawajaona mchezaji wa namna ile. Mimi nilikuwa simwangalii yeye. Nilikuwa naangalia nyuma ya goli, alikosimama kijana mrefu, peku, akipiga makofi yasiyo na sauti.

Jioni ile, mezani, Sorcha akaacha kula viazi vyake, akainua kichwa.

"Baba, nani wanacheza huko nje saa hizi?"

Mimi sikusikia kitu.

Tangu hapo, akishalala, nafunga mlango kwa kufuli na kuligeuza koti lake, la ndani liwe nje. Kila asubuhi nalikuta limerudishwa sawasawa.

Na viatu vyake vina majani mabichi.