Sahihi ya Fundi Kweyu

“Mimi si posta, Mama Mwongeli! Karatasi yangu nimeipokea na sahihi nimetia. Ya Kweyu mpelekee Kweyu!”

“Kwani ufunguo wake si huwa kwako?” Ndunge alimjibu Triza, mkono kiunoni. “Barua zake, mtungi wake wa gesi, hata kuku wa Krismasi, vyote hupitia kwako. Leo karatasi moja imekuwa mzigo?”

Majirani wa ploti ile ya mtaa wa Mowlem walikuwa wamejaa milangoni na vikombe vyao vya chai, maana Jumamosi asubuhi hakuna redio ya kuwashinda wanawake hawa wawili. Mwongeli, binti ya Ndunge mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akimsukuma nyanya yake katika kiti cha magurudumu ili aote jua.

Kesi ilihusu ujia huohuo waliopitia. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba ujia ni wa Triza, na anaweza kuuziba kwa ukuta. Ukuta ukisimama, kiti cha nyanya hakitatoka nje tena. Ndunge hakuridhika, akawasilisha notisi ya rufaa kwa majaji wa juu. Karani akamwonya, Mwongeli akisikia: kila anayeguswa na kesi apewe nakala yake kabla siku saba hazijaisha, la sivyo rufaa inaweza kutupwa. Walioguswa walikuwa wawili: Triza, na Mzee Kweyu, fundi viatu ambaye chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia. Leo ilikuwa siku ya saba, na Kweyu alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Ndunge alimwita bintiye ndani. “Wewe una mwandiko mzuri. Andika hapa ‘Nimepokea’, kisha utie jina la Kweyu. Mzee mpole yule, hana neno.”

Mwongeli alishika kalamu. Juu ya karatasi palikuwa na muhuri wa mahakama, na chini yake majina. Jina la Kweyu lilipigwa chapa kwa herufi kubwa, sawasawa na ya wengine.

“Mama, siwezi. Karani alisema apewe yeye mwenyewe. Nikiandika, tutakuwa tumewapelekea majaji uongo.”

Ndunge aliichukua ile kalamu mkononi mwake. “Haya, vaa viatu twende.”

Walimkuta Kweyu mtaa wa Mbotela, kando ya barabara, gundi vidoleni, buti la mtu magotini. Alipouona ule muhuri aliliweka buti chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akavua kofia. Akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

“Patrobas Kweyu. Ni mimi huyu?”

“Ni wewe, Mzee,” Mwongeli akajibu.

“Ile kesi ya kwanza nilisikia imeisha nikiwa kioskini, nanunua mkate. Ukuta upite dirishani kwangu, na hakuna aliyeniuliza.” Akaugusa ule muhuri. “Na leo majaji wakubwa hivyo wanataka Kweyu aambiwe?”

Malori yalipita yakinguruma, lakini Mwongeli hakuyasikia. Alikuwa akiutazama mkono ule mweusi kwa kiwi ukichora jina lake, herufi moja baada ya nyingine, kana kwamba nchi nzima ilikuwa inaungoja.

“Nilikaribia kukuibia hilo, Mzee. Nisamehe,” Ndunge alisema. Kisha akamgeukia bintiye. “Mwanangu, haki ya nyanya yako siwezi kuitafuta kwa kumnyima mwingine yake. Mtu akiambiwa ukweli, hata awe mdogo vipi, anapata nafasi ya kusema. Leo umenirudisha njiani.”

Waliporudi, Triza alikuwa mlangoni kwake na mwiko mkononi.

“Mmempata?”

“Tumempata. Ametia sahihi kwa mkono wake.”

Triza aliiangalia ile sahihi, akaitikia kwa kichwa. “Basi tutapambana vizuri, Mama Mwongeli. Huko mbele ya majaji sitakuonea huruma.”

“Wala mimi.”

“Sawa. Lakini ugali unapoa, na omena nimepika sufuria nzima. Ingieni mle.”